Kisanduku cha Mtu Mmoja

Hilkka Saarelma aliligundua kosa saa tatu asubuhi, akiwa tayari amevaa nguo nyeusi ya kutetea tasnifu, kikombe cha kahawa mkononi. Ukurasa wa mia na kumi na mbili wa tasnifu, Mhojiwa wa Tisa, wa kitengo cha kuchemshia maziwa, anasema: "Kengele ya joto, ile inayolia maziwa yasipochemka sawasawa, tunaizima. Mkurugenzi ndiye aliyeagiza, magari yasichelewe." Na kule nyuma kabisa kuna mchoro wa muundo wa kiwanda cha maziwa anachofanyia kazi, na ndani ya kila kisanduku idadi ya wafanyakazi. Kitengo cha kuchemshia: mmoja.

Mmoja! Alipowahoji walikuwa sita. Baadaye kiwanda kikapunguza watu, profesa wake akataka mchoro mpya, na Hilkka, mtu wa kutii, akabadilisha idadi bila kuyakumbuka maneno ya ukurasa wa mia na kumi na mbili. Mtoto wa darasa la pili angejua huyo mmoja ni nani. Ni Raimo Hautala, miaka sitini na mbili, ambaye hakukubali kuhojiwa mpaka Hilkka alipomwapia mara tatu kwamba hatajulikana.

"Dada, nimebakiza miaka miwili tu nistaafu," alimwambia siku ile. "Wakinijua, nimekwisha."

Sasa afanyeje? Vitabu vya tasnifu vimeshachapwa na kupangwa mezani mlangoni mwa ukumbi. Angeweza kuahirisha, ndiyo. Lakini miaka sita, jamani! Miaka sita ya kupanga kazi za kiwanda siku za wiki, na kila Jumamosi kusomea udaktari wa uongozi na uundaji wa mashirika, mpaka mumewe akazoea kula samaki wake peke yake. Hilkka akajipa moyo kwamba hakuna binadamu anayesoma viambatisho. Wasomi wote hujiliwaza hivyo, na kwa kuwa mara nyingi ni kweli, hawaachi.

Mkurugenzi wa kiwanda, Ilpo Kettunen, alikaa safu ya mbele, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake. Akachukua kitabu, akalamba kidole, akaanzia nyuma. Loo! Kumbe wakurugenzi huanza na michoro, wajue kisanduku chao kimekaa juu kiasi gani.

Kuanzia hapo Hilkka hakuona mtu mwingine. Mpinzani, profesa mgeni aliyeletwa kumchokonoa, aliuliza na kuuliza, naye akajibu kama kasuku huku macho yakiwa kwenye kidole cha Kettunen. Kidole kimoja kilikuwa kimebana ukurasa wa mchoro. Mkono wa pili ulikuwa ukifunua sura ya tano, ile yenye maneno ya Mhojiwa wa Tisa, polepole, karatasi baada ya karatasi.

"Swali dogo," mpinzani akasema. "Wahojiwa wako wanasema mambo mazito. Una hakika wote wamelindwa? Hakuna anayeweza kutambulika?"

Safu ya nyuma, Raimo, amevaa tai aliyoolea, alimtikisia kichwa kumpa moyo. Hilkka angeweza kusema pale pale: hapana, nimekosea, naomba vitabu virudishwe. Aliogopa aibu, aliogopa ile miaka sita, aliogopa kila kitu isipokuwa kile alichopaswa kukiogopa.

"Wote wamelindwa," akasema.

Ikabaki desturi ya mwisho, ile ambayo mtetezi mwenyewe huwageukia watu na kuwaalika wamshambulie. "Yeyote mwenye neno dhidi ya tasnifu yangu, na aombe nafasi kwa msimamizi." Sauti ilimtetemeka hadi wengine wakatabasamu, wakidhani ni furaha. Kettunen aliinua mkono. Hilkka akashika meza. Mkono ukaenda kichwani, ukajikuna, ukashuka. Hakuna aliyeomba nafasi. Makofi yakapigwa, na Hilkka nusura aangue kilio kwa kupona.

Nje ya ukumbi palikuwa na kahawa na keki ya krimu. Kettunen akamjia na kitabu wazi.

"Hongera, daktari! Nitilie sahihi."

"Kwenye ukurasa wa kwanza?"

"Hapana, hapa. Hapa na ukurasa wa mia na kumi na mbili ndipo nilipojifunza."

Ulikuwa ukurasa wa mchoro. Kisanduku cha kuchemshia kilikuwa kimekatwa kwa kalamu, mistari miwili iliyonyooka.

"Sura ya saba umesema mwenyewe," Kettunen akaendelea, akitafuna keki. "Kitengo cha mtu mmoja ni udhaifu, kifutwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, au siyo? Jumatatu tunaanza kutekeleza. Nani atasema tumemwonea mtu? Ni sayansi hii."

Hilkka alitia sahihi. Mkono ulijiendea wenyewe, na alipojua anachofanya jina lake lilikuwa limeshakaa chini ya ile mistari.

Kettunen hajafika mlangoni, Raimo huyo, uso umemng'aa, kitabu kwapani.

"Dada, nisikufiche, leo nilikufa kwa hofu! Mke wangu alinikataza kuja. Nikamwambia, Hilkka akiapa ameapa. Na kweli, ulipoulizwa ukasema wazi mbele ya watu. Mungu akubariki. Niandikie jina lako, nikamwonyeshe."

Hilkka hakuichukua kalamu. Alikichukua kitabu, akafunua nyuma kabisa, akakiweka mezani kati ya vikombe.

"Angalia huu mchoro, Raimo."

"Ahaa, kiwanda chetu! Na hiki ni changu," Raimo akasema kwa fahari, akikigusa kisanduku kwa kidole. Akainama asome kilichoandikwa ndani yake. Tabasamu lilikuwa bado usoni.

"Mmoja," akasoma.

Kidole hakikuondoka pale; mkono wa pili ukaanza kufunua kurasa, kuyatafuta maneno yake mwenyewe.