Namba Kumi na Nne, Namba Kumi na Tano

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Ofisi ya nyumba ilileta mafundi bomba. Bomba linavuja jikoni, wao wanatoboa sebuleni! Mkubwa wao alishika ramani juu chini. Nilipomwambia, akaniuliza, "Mzee, umesomea?"

Sikusomea. Lakini kusikia maji yanakodondoka hakutaki cheti.

Wakaziba kwa saruji, wakaenda zao. Doa la kijivu, upana wa sinia, katikati ya ukuta wa buluu alioupaka marehemu mke wangu kwa mkono wake, juu ya stuli, hataki msaada. Niliandika barua tatu, mwezi mzima, ndipo wakajibu: fundi rangi atakuja Ijumaa na kopo moja. Nijaze fomu, nichague buluu namba kumi na nne au kumi na tano. Nisipojaza, chumba kizima kinapakwa nyeupe. Ndivyo wakubwa walivyo, wanaharibu wao, mtihani unafanya wewe.

Walinipa vikopo viwili vya kujaribia. Jumatano jioni nikapaka alama mbili kando ya doa. Zilipokauka, kumi na tano ikapotea ukutani kabisa. Nikalala kwa amani.

Alhamisi asubuhi binti yangu akaja.

"Baba, kumi na nne."

"Una macho au vifungo vya shati?"

"Njoo uone mwenyewe, baba we!"

Nikaenda nikiwa na jibu mdomoni. Jua la dirishani lilikuwa limeingia, na kumi na nne haikuonekana tena. Kumi na tano ndiyo ilijitokeza kama kiraka.

Tukashinda hapo, tukinywa chai. Jua lilipohama, kumi na nne ikaanza kujitokeza. Kufika saa kumi na mbili jioni, kumi na tano ilikuwa imezama.

Miaka ishirini na mbili nilikuwa natoka kiwandani saa hiyo. Ukuta huu mimi nimeujua jioni tu.

"Asubuhi mama alikuwa anashonea hapa," binti akasema taratibu. "Mimi nacheza miguuni pake."

"Na jioni alikuwa anakaa na mimi."

Akanisogezea fomu na kalamu. Kwenye fomu kuna nafasi ya namba moja tu.

Siku ile anachagua rangi dukani, mama watoto alikuwa anaufikiria mwanga upi?