Swali Lifutwe

Jamani, wivu! Modesta alivua viatu mlangoni, maana kwa Mwalimu Luhende hakuna aliyeingia chumba cha kompyuta na viatu, vumbi la Nyakato lisije likaua mashine. Kabla hajayasoma matokeo ukutani akaviona viatu vya Hellen vimeshatangulia. Roho ikamwambia hapa leo hakuna jema.

Na kweli. Hellen, sabini. Modesta, sitini na tisa. Na cheti, kwa wale Wazungu waliotunga mtihani na kuuleta kwa bahasha yenye lakiri, kilianzia sabini.

Alama moja! Tena kapitwa na nani? Na Hellen, ambaye Modesta mwenyewe alimfundisha kupiga chapa kule kwenye shirika la pamba kabla halijafungwa, akimfunika vidole kwa kanga ili aache kuchungulia herufi. Hata walipoanza kompyuta, kila jioni Hellen alikuwa anamfuata na maswali. Leo watu wanamshika mkono, "Hongera, umeula!" kwa sababu kiwanda kipya cha minofu ya samaki kule Ilemela kilikuwa kinatafuta mtu wa ofisini mwenye cheti. Modesta naye akampa mkono. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na moyoni alitamani cheti hicho kiliwe na panya.

Watu walipoondoka akamgeukia mwalimu. "Naomba nione majibu yao."

Mwongozo wa majibu ulikuja pamoja na matokeo. Modesta akaupitia kwa kidole mpaka swali la thelathini na moja. Mashine imegoma kuwaka kwa sababu disketi imesahaulika ndani, ufanye nini? Jibu A: toa disketi, bonyeza kitufe chochote. Jibu B: toa disketi, zima mashine, washa upya. Modesta alijibu A. Wao walitaka B.

"Mwalimu, si yote mawili ni sahihi?"

Hakungoja ajibiwe. Akachomeka disketi, akawasha mashine, ikagoma. Akaitoa, akabonyeza kitufe, mashine ikaendelea na shughuli zake. Luhende akakuna kichwa.

"Swali bovu hili," alisema. Akafungua kabati, akatoa fomu. "Hii ni ya kulalamikia swali. Inataka sahihi za watahiniwa wawili. Halafu hapa chini unachagua unachoomba: majibu yote mawili yapokelewe, au swali lifutwe kwa wote. Likifutwa, aliyelipata anapoteza alama yake. Wewe weka alama ya vema hapa pa kwanza, utapata sabini yako."

Sahihi ya pili angeitoa nani? Watahiniwa wengine walikuwa watu wa kisiwani, Nansio, na walishapanda meli. Alibaki Hellen. Modesta akapanda mawe ya Ilemela hadi nyumbani kwa Hellen.

"Shikamoo, dada!" Hellen akamfutia kiti kwa upindo wa kanga. Alipoelezwa habari ya swali hakuuliza mara mbili. "Nisaini wapi?" Akasaini, hata kusoma hakusoma. "Tena umefanya vizuri kuja. Kumbe kiwandani wanataka watu wawili! Nimemwambia meneja yupo dada yangu, ndiye aliyenifundisha kazi. Tutakaa meza moja."

Maneno mazuri, eh? Basi yalimchoma Modesta kuliko tusi. Yaani yeye, miaka kumi kwenye taipureta, aombewe kazi na mtoto aliyemfunika vidole! Kila asubuhi aingie ofisini kwa hisani ya Hellen! Wapi!

Akiteremka, alikaa juu ya jiwe, ziwa likimmetametea usoni, akaitoa fomu. Akapiga hesabu. Hellen bila shaka alijibu B, la sivyo angempitaje? Swali likifutwa, atashuka sitini na tisa. Afadhali wakose wote. Watarudia Desemba, na hapo ndipo itajulikana nani atamtaja nani kwa meneja. Akaweka vema pa pili. Tena aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki saba baadaye Luhende akawaita wote wawili, akawasomea barua. Swali limeonekana lina kasoro. Watahiniwa wanashukuriwa, na kama walivyoomba wenyewe, swali limefutwa.

Moyo wa Modesta ukapiga vigelegele. "Kwa hiyo Hellen ameshuka."

"Hellen yuko pale pale. Sabini."

"Haiwezekani! Si alilipata?"

"Sikulipata," alisema Hellen. "Nilijibu A, dada. Si wewe uliyenifundisha? Ulisema nisiwe nazimazima mashine ovyo, nitaiua."

Luhende alikuwa ameinamia nakala ya fomu, uso umemkunjamana.

"Lakini Modesta, nilikuonyesha pa kuweka vema. Ungeweka pale, leo una sabini yako na mwenzako sabini na moja. Kilichokufanya uombe lifutwe ni nini?"

Hellen akaichukua ile nakala. Akaiangalia sahihi yake, kisha akaiangalia ile vema. Safari hii alisoma kila mstari.

"Kumbe ulidhani nililipata," akasema.

Modesta aliangalia miguu yake, peku juu ya saruji. Alisikia Hellen akivaa viatu mlangoni. Hakuaga.

Jumatatu Hellen alianza kazi. Meneja alimwuliza yule dada yake mbona hamwoni, maana kiti chake kipo. Habari hizo Luhende ndiye aliyemletea Modesta, na Modesta, bila aibu, akauliza Hellen alijibu nini.

"Alisema hana dada."