Pensheni ya Shangazi

Wakimbizi wa Rwanda walipoondoka Desemba ile, kambi ilibaki vijiti na matope, na sisi watumishi wa shirika tukabaki tunatazamana. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa napika uji wa watoto waliodhoofu, masufuria ya kuogea mtu mzima, katikati ya kelele za kumfanya mtu asahau jina lake. Nilizilaani kelele zile kila siku. Zilipokwisha nilikaa mlangoni pa chumba changu cha kupanga, Ngara mjini, nikalia kama mjinga. Mimi ni mjane, sikujaliwa mtoto, na watu waliokuwa wakiniita Ildefonsa walikuwa wa kazini tu.

Januari akaja bwana mmoja kutoka makao makuu ya shirika, Anatory, mpole, mwenye subira ya padri. Alitukusanya kwenye hema lililosalia akatueleza habari ya akiba yetu ya uzeeni, ile iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara kila mwezi. Kazi imekwisha, akasema, na akiba ina njia mbili. Ukiichukua yote taslimu leo, inahesabiwa kana kwamba umeipata yote mwaka huu, kwa hiyo kodi inapanda na fungu nono linakwenda serikalini. Ukiihamishia kwenye akaunti ya pensheni, leo haikatwi hata senti. Utalipa kodi ukishafika miaka hamsini na mitano, kidogo kidogo, kila unapopokea, na kiwango chake ni cha chini.

"Lakini ukishaihamisha huigusi tena mpaka umri huo," alisema. "Hata ulie."

Wenzangu wote walitaka taslimu. Hamsini na mitano nani ameiona, walicheka. Mimi nilikuwa na arobaini na minane, na nilikuwa naiona vizuri sana: mama mmoja mwenye magoti mabovu, anasubiri mtu amkumbuke kwa chumvi. Hata hivyo nilimwomba Anatory wiki moja ya kufikiri, maana nilikuwa na kaka, na mtu mwenye kaka haamui peke yake.

Nilipofika kwa Fideli, kule Bugarama, nilikuta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, uani na uso wake unang'aa.

"Karibu, dada! Mambo ya Bukiriro yamekwisha. Nimewatajia ng'ombe sita."

Aron, mwanawe wa kwanza, alikuwa anamwoa binti wa kijiji cha Bukiriro anayeitwa Uwase. Kwetu shangazi asiye na mtoto anahesabiwa mama wa pili wa watoto wa kaka yake. Mali yake inakwenda kwenye mahari zao, na hakuna anayemuuliza. Tena ng'ombe wakishatajwa mbele ya wakwe na pombe ikanywewa, hawapunguzwi, maana kuwapunguza ni aibu ya ukoo mzima.

"Sita umewatoa wapi?" nikamuuliza.

"Si ile hela uliyonitajia Krismasi? Nimeigawa kwa bei ya mnada."

"Ile ni kabla ya kodi, Fideli. Nikiichukua leo wanabaki wanne."

"Hao wawili anawachukua nani?"

"Serikali."

"Serikali inaoa nani?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na yeye akacheka kwa kuniona nacheka. Kisha nikamweleza njia ya pili, na kicheko chake kikakatika.

"Miaka saba! Pensheni ya nini na wewe una kaka? Uzee wako ni hapa, kwangu."

Tangu nimzike mume wangu nilitamani kuambiwa maneno hayo, na naamini aliyasema kwa moyo wake wote. Lakini nilitazama kona ya shamba aliyoniahidi kunijengea kibanda tangu nilipofiwa. Palikuwa na migomba tu. Niliaga kabla ya chakula.

Wiki ilipokwisha nilimwambia Anatory ahamishe yote. Akaniuliza nikifa kabla ya wakati nani apewe. Nikamtajia Aron.

Fideli nilimpelekea habari kwamba nimehamisha, basi. Hakujibu. Nikasikia sokoni kwamba ameuza kipande cha shamba, kile cha kona, na kwamba wakwe wamekubali wanne kwanza, wawili baadaye, kwa masimango mengi. Siku bibi harusi anapoingia ukweni, shangazi ndiye anayempokea na kumkalisha. Nilinyoosha kitenge changu kizuri kwa pasi ya mkaa, nikakivaa, nikasubiri mtu wa kuja kunichukua. Saa za mchana zikapita nikakivua. Aliyempokea Uwase ni Selestina, binamu yetu, ambaye uji wa kambini hata rangi yake haijui, na nasikia alifanya vizuri. Iliniuma kuliko msiba.

Niliishi hivyo mpaka mvua za masika. Nilikuwa nauza maandazi kidogo, narudi, nafunga mlango. Kuna siku nilijikuta nakoroga uji wa sufuria nzima, nikaugawa kwa majirani nisiojua majina yao.

Ndipo Aron akaja na mkewe, kwa siri, wakabeba mkungu wa ndizi. "Shikamoo shangazi." Niliitika marahaba, nikawatandikia mkeka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikataka kumpa kitu, na kitu sikuwa nacho. Nikamwambia kwamba ile pesa haikukatwa kodi, iko nzima, na nikifa ni yake. Aliinamisha kichwa. Uwase aliniangalia kwa huruma, sikuelewa huruma ya nini.

Jumapili iliyofuata Fideli alikuwa mlangoni kwangu na kuku. Alinishika mkono, akauliza kama nalala vizuri. Jumapili nyingine akaja na shemeji yake mganga wa zahanati, akanipima presha bila kuombwa. Sasa wanakuja kila wiki, wananiita nyumbani, wananikalisha karibu na kibuyu, wananipa mrija wangu. Hivi ndivyo nilivyotaka. Nacheka nao, nakula nao, nasimulia mambo ya kambini na watoto wananisikiliza.

Jana nilipaliwa na rubisi, nikakohoa. Mazungumzo yote uani yakakoma. Fideli aliinuka akanipiga mgongoni polepole, akanisogezea maji, akauliza, "Kikohozi hiki kimeanza lini, dada?"

Nilimtazama usoni nikitafuta anataka nimjibu nini. Sikuona. Nikamwambia sina kikohozi, nimepaliwa tu, na nikajikaza nisikohoe tena mpaka nilipofika kwangu.