Kidari cha Idi Pili

Tangu Mzee Talib ang'olewe meno yake ya mwisho, hakukaa tena kwenye sinia na wanawe. Mtu aliyekuwa akichinjia nusu ya kijiji cha Kengeja, akitafuna mpaka gegedu, sasa alikula nyama iliyochemshwa ikapondwa, chumbani, mlango umefungwa. Meno ya bandia yalimuumiza fizi. Aliyatia kikombeni, akakifunika kikombe. Nyama ya kusaga alisema ni ya watoto.

Ummi, binti yake, alichoka kuipeleka sahani ile chumbani. Idi hii ya kuchinja aliazimia jambo moja tu: baba yake atoke, akae, ale na watu.

Ndiyo maana, ng'ombe alipogawiwa, aliomba kidari, nyama ngumu ya kifuani ambayo kila nyumba huitupia kwenye supu. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi nyama ya namna ile inavyolainika ikipewa moto mdogo na moshi kutwa nzima. Moto wenyewe hakuhitaji kufundishwa. Mwanamke anayejua kufukiza nguo anajua kwamba udi hautaki mwali. Kaa lazima livae jivu, lipumue polepole, ama sivyo utavaa kanga yenye tundu.

Idi pili, baada ya sala ya alfajiri, aliwasha mkaa ndani ya nusu pipa lenye mfuniko, alilochomelewa na fundi mmoja wa Chake Chake. Mkaa ulipovaa jivu aliusukuma upande mmoja, akatupia juu yake vipande vya mkarafuu uliokauka shambani. Kidari, kilicholala na chumvi, kitunguu thomu, ndimu na pilipili manga, akakilaza kwenye wavu upande wa pili, mbali na moto, na kopo la maji chini yake. Akafunika.

Kaka yake Hamdan alikuwa uani na jiko lake dogo, anapanga mishkaki.

"Nyama hiyo unaipika au unaifukiza iende harusini?"

"Naifukiza. Wewe endelea kuunguza yako."

"Yangu italiwa leo, dada."

"Na wenye meno," alisema Ummi, kwa sauti ya chini, maana baba yao alikuwa barazani.

Moshi ulitoka taratibu kwenye tundu la mfuniko, ukavuka ua wa makuti, ukaingia kwa jirani yao Bi Mwatum, ukaendelea zake. Mafuta yalipoanza kudondoka, harufu ikawa haina adabu tena. Watoto walikwenda kucheza njia ya mbali, wakarudi. Mpita njia alipunguza mwendo, akasalimia kwa urefu usio wa kawaida.

"Ummi," aliita Mzee Talib. "Moshi huo umefika kwa watu. Sahani zao zimekwenda?"

"Bado haijaiva, baba."

Adhuhuri ikapita na kidari bado kimekaza kama soli ya kiatu. Hamdan alifunua mfuniko, akaja na kipepeo cha mkaa. Ummi alimpokonya.

"Ukiupepea moto sasa, utakuwa umekula Idi yangu."

"Na njaa je?"

"Kula mishkaki yako, si umeisifu?"

Alifunika tena, akaongeza kaa moja moja. Ilipokaribia alasiri, uma ulizama bila kusukumwa. Alikitoa kidari, akakifunga kwenye karatasi ya foili, akakiacha kipoe kidogo. Kilikuwa kimesinyaa mno. Na sehemu laini yenye mafuta, ile ya katikati, haikuzidi sahani mbili. Hiyo alikuwa ameshaihesabu kuwa ya baba yake.

Mzee Talib akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mkatie jirani yetu Masika. Mja mzito yule, amenusa tangu asubuhi, usimtese. Mkatie na Mjaka wa nyumba ya pili. Na Bi Mwatum mpe ya katikati, hana meno yule."

"Ya katikati ni yako, baba."

"Mimi nimesema nakula?"

Ummi alikata. Kisu kiligonga ubao kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sahani mbili alizichukua Hamdan. Ile ya Bi Mwatum, Mzee Talib aliipokea mwenyewe, akatoka nayo, kofia imenyooka kichwani.

Ummi alisogea uani. Kupitia penye makuti yaliyolegea alimwona Bi Mwatum barazani kwake, anapokea sahani na kuinusa.

"Huyu ndiye aliyenitoa mate kutwa," alisema Bi Mwatum. "Umeonja?"

"Bado."

"Unaniletea kitu hukionji? Unakijaribu kwangu?"

"Meno, Bi Mwatum."

"Kwani mimi nnayo?"

Alichomoa kipande kwa vidole viwili. Nyama ilikuja yenyewe, nyuzi nyuzi. Akaila mbele yake, mashavu yanazama na kutoka, mdomo mtupu kabisa, wala hakuuficha kwa ukaya wa kichwani. Alipomeza alimnyooshea sahani.

"Bana kwa ulimi tu. Na usinisimamie mlangoni kama mdai."

Mzee Talib alitazama njiani, kushoto na kulia. Akachukua kipande. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu. Kisha akachukua kingine, bila kuambiwa.

Ummi aliondoka penye makuti upesi.

Baba yake aliporudi, sinia la wanaume lilikuwa limeshatengwa barazani. Kidari kilichobaki kilikuwa kidogo, kimewekwa pembeni ya wali. Hamdan alikuwa ameiweka sahani ya mishkaki yake katikati, imepangwa kwa fahari.

"Sogeeni," alisema Mzee Talib, akavua viatu.

Wakasogea. Ummi alileta maji ya kunawa mwenyewe, mikono yake imetulia, jicho halijatulia.

Mzee alinawa, akataja jina la Mungu, akaisukuma ile sahani ya mishkaki kuelekea kwa mwanawe.

"Baba, hiyo ni steki tupu, haina hata mfupa," alisema Hamdan.

"Nimeiona. Tafuna wewe uliyejaaliwa," alisema mzee, akanyoosha mkono kwenye kidari.