Kipimo cha Baada ya Chakula

Shemeji yangu alishuka ndani ya tangi la nne akipiga mluzi, nao mluzi ukatupandia huku juu ukiwa mnene kama wa watu kumi. Meli ile ilikuwa imebeba mafuta miaka ishirini na sita. Sasa tulikuwa tunaigeuza kiwanda cha kuelea: itie nanga juu ya visima vya baharini, ivute mafuta na kuyachuja palepale, isiende popote tena. Shemeji alisema bibi kizee huyu amestaafu safari, bado jikoni hajatolewa.

Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mimi nilipima hewa kabla ya moto kuwashwa. Tangi huoshwa likatakata, lakini nyuma ya kutu mafuta hujificha, na jua la mchana likichoma sitaha, mvuke wake hutoka, nao hushika moto. Ndiyo maana tulipima asubuhi, tukapima tena baada ya chakula.

Siku ile sikurudia. Asubuhi kipimo kilikuwa sifuri, ngazi ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimeshiba. Niliinakili sifuri ileile kwenye kibali cha kuwasha moto, nikatia sahihi. Shemeji alikisoma.

“Umepima, shemeji?”

“Nimepima.”

“Haya. Ukiniua, dada yako atarudi kukaa kwako.”

Tulicheka wote wawili.

Moto uliomuua haukudumu hata dakika moja. Wachunguzi walilaumu kutu, wakasema kibali kilikuwa sawasawa. Dada alihamia kwangu mwezi uleule. Huwasimulia wageni kwamba angalau mumewe alikuwa mikononi mwa ndugu, nami huondoka kwenda kutafuta kazi yoyote uani.

Juzi meli ilikuwa inaondoka. Dada alitaka kuiona, nikampeleka gatini. Meli mbili ndogo zilikuwa zinaivuta taratibu, na mitambo mipya imejaa mgongoni mwake. Aliniomba nimwonyeshe lilipo tangi la nne. Nikamwonyesha.

“Mdogo wangu,” alisema, “hujawahi kunisimulia siku ile. Nisimulie yote, tangu asubuhi.”

Nilimsimulia tulivyofika, kipimo cha kwanza, tulivyokaa kula kivulini na shemeji akaninyang'anya kipande cha nyama. Hapo dada alitabasamu.

“Halafu mkamaliza kula,” alisema.

“Tukamaliza kula.”

Niligeuza uso nikaitazama meli. Dada akadhani ni uchungu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, ili nipate nguvu ya kuendelea.