Mama Aliposhika Penseli

Darasani walimwita Kifutio, maana alifuta zaidi ya alivyochora. Siku za kazi alikuwa fundi miwani, akikata vioo na kukaza skrubu ndogo dukani kwa watu; kila Jumamosi alikwenda darasa la kuchora. Ukuta wa sebule yake ulijaa mabirika, viatu na mapapai. Vipimo vilikuwa sawa kabisa, ila hakuna picha hata moja iliyokuwa na uhai, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kisha mama yake akavunjika mguu, akahamia kwake. Mama huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na kukaa bure hakukuweza. Mchana mmoja aliokota penseli ya binti yake, akamchora mkwewe aliyekuwa amesinzia kwenye kochi.

Mkwe alipoamka akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi huyu! Na domo wazi vilevile! Mama, kipaji chote hiki ulikificha wapi?"

Kifutio alisimama mlangoni na sahani mkononi. Picha zake yeye, mumewe alizoea kuzisifu bila kuinua macho kwenye simu.

Jumamosi hakukuwa na wa kubaki na mama, wakaenda wote, magongo yakiwa kwenye buti ya teksi, na darasani mama naye akapewa karatasi. Mwalimu, mtu asiyesifu ovyo, alipita nyuma ya viti. Kwa Kifutio alisema, "Vipimo vizuri." Kwa mama alisimama, akawaita wengine waje waone. Kifutio alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, huku moyoni anawaka moto.

Akaanza visa. Karatasi nzito alizipandisha juu ya kabati, akamwachia mama migongo ya kalenda kuukuu. Mama akashukuru, akachora juu yake paka, jirani na daktari wa mguu. Penseli zikahamia kwenye mkoba wa kazini. Mama akaazima kalamu ya mkwewe.

"Mama, kivuli hakikai hivyo," Kifutio alimwambia siku moja, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Kinakaaje, mwanangu?"

Akamweleza habari za mwanga na uwiano, yote aliyojifunza. Mama alisikiliza vizuri. "Hayo mimi siyajui. Namwangalia mtu tu, najiuliza anataka nini."

Kifutio aliingia chumbani, akabamiza mlango, akalia kama mtoto. Angeyameza yote kama mama angekuwa anakitaka kipaji hicho. Lakini kwa mama kuchora kulikuwa njia ya kupitisha mchana tu.

Alipotoka alikuwa na ubao wa kuchorea, karatasi na kipande cha mkaa. "Kaa hapo hapo. Usitikisike."

"Nitakwenda wapi na mguu huu?"

Alimchora kwa hasira, akiukandamiza mkaa hadi ukavunjika. Hakupima kitu, hakufuta kitu. Aliuona mdomo unavyobanwa maumivu yanapokuja. Akauona mkono ulivyolishika gongo kama mwiko, na macho yaliyokuwa yakitazama dirishani kila mara, upande wa barabara. Mama alitaka kurudi kwake. Wiki zote hizo Kifutio hakuwa ameliona hilo.

Mama aliishika picha, akaisogeza karibu na macho. Akauliza, "Mbona umenichora kama mtu uliyemkasirikia?"

"Nimekukasirikia kweli. Unanishinda kuchora, na wala hukuhangaika."

Mama akaangua kicheko. "Ndiyo maana nimefanana! Tangu nije hujaniangalia hivi hata siku moja."

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliitazama picha ile, akamgeukia. "Umeichora wewe?" Swali lilimuudhi Kifutio, likamfurahisha pia. Kisha mwalimu akasogea kwa mama, akakaa hapo muda mrefu zaidi, akicheka peke yake. Wivu ukamchoma Kifutio palepale, mbichi kama wa siku ya kwanza.

Akavuta kiti chake hadi karibu na mama, akauchungulia uso aliokuwa akiuchora.

"Hebu niambie, huo mdomo uliuanzia wapi?"

Mama akaigeuza karatasi ili binti yake aone vizuri.