Anwani Mbili za Yusra

Yusra alikuwa na miaka kadhaa sasa akifanya kazi ya maabara katika hospitali moja mjini Muscat, na likizo hii alikuja kijijini kwao Misima na azma moja: kabla hajapanda ndege kurudi, awe amefungua akaunti ya kununua hisa. Alishajaribu akiwa kule kule Omani, akakwama. Dalali wa hisa wa kule alitaka bili ya umeme yenye jina lake, naye anakaa nyumba ya hospitali, ambako umeme hulipwa na mwajiri. Akaona afadhali afungue nyumbani, kwa dalali wa Dar es Salaam. Huyo naye akaomba barua ya serikali ya kijiji inayoonyesha mahali anapoishi.

Baba yake, mzee Kibwana, hakulipenda jambo hilo mwanzoni. Walipokuwa wakipukuchua mahindi uani, alimuuliza kama hiyo si riba iliyopakwa rangi. Yusra akamweleza kwamba hakopeshi mtu. Ananunua sehemu ndogo ya kampuni, ikipata faida naye anapata gawio, ikipata hasara naye inamuuma. Mzee akamaliza kupukuchua muhindi aliokuwa nao, kisha akauliza kampuni yenyewe inatengeneza nini. Aliposikia ni saruji, akaitazama sakafu ya baraza yake aliyoipiga mwenyewe, akasema saruji haina neno. Kesho yake alivaa kanzu na kofia, akamsindikiza binti yake kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji, mama Asnath, alikuwa Msambaa aliyehamishiwa pale mwaka huo. Aliwapokea vizuri na kuwapa viti, ila alipolisoma ombi lao akaweka kalamu chini. Barua ilitakiwa kusema kwamba Yusra anaishi Misima, na yeye tangu afike hakuwahi kumwona.

"Mzee wangu, siwezi kuandika kwamba anaishi hapa wakati haishi hapa," alisema kwa upole.

"Chumba chake kipo," mzee Kibwana akajibu. "Mama yake anakifagia kila Ijumaa. Hatujamlaza mgeni mle."

Yusra hakuwa akilijua hilo. Akainamia simu yake kana kwamba kuna ujumbe umeingia. Angeweza kumbembeleza yule mtendaji, lakini aliona kuwa anasema kweli, na hakutaka jambo la maisha yake alianze kwa uongo. Akatoka nje, akampigia dalali wa Dar es Salaam na kumweleza yote: kazi yake iko Muscat, kwao ni Misima. Dalali hakushtuka hata kidogo. Alimwambia kwamba kwenye fomu alikuwa amejaza sehemu ya wakazi wa ndani. Watanzania walioko nje wana sehemu yao, na barua ikitaja kwao ni wapi inatosha, mradi aambatanishe kibali chake cha kuishi Omani.

Hilo mama Asnath aliliandika kwa moyo mkunjufu: Yusra binti Kibwana ni mzaliwa wa Misima, anafahamika kijijini, na kwa sasa anaishi nje ya nchi kikazi. Akagonga muhuri.

Siku iliyofuata baba na binti walikwenda Korogwe, kwa Noorjahan, mwenye duka la vifaa vya ofisi, akawapigia skani karatasi zao na kuzituma. Ikabaki Yusra kujipiga picha ya uso kwa simu. Simu ikakataa, ikakataa tena, ikidai inaona watu wawili. Kumbe mzee Kibwana alikuwa amesimama nyuma ya bega la binti yake, kofia imekaa sawasawa, akidhani na yeye anapigwa picha. Noorjahan akamvutia kiti upande wa pili wa kaunta, huku akijizuia kucheka.

Mwisho kabisa likaulizwa jina la mrithi. Yusra akaanza kuandika la baba yake.

"Weka la mama yako," mzee akasema. "Mimi nikishika fedha nanunua ng'ombe, unanijua."

Yusra akacheka, akafuta, akaandika Hajira.

Ujumbe kwamba akaunti imefunguliwa uliwakuta wakila wali kwa maharage karibu na stendi. Mzee akataka asomewe, kisha asomewe tena. Akamwagizia binti yake soda, akaanza kumuuliza kiwanda hicho cha saruji kiko upande gani, na kama wenye hisa huruhusiwa kwenda kukiona.